Kuchora Ubao wa Skeitibodi Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili

Ubao wa skeitibodi huchorwa upande wa chini. Juu kunabandikwa msasa mweusi wa kunata ili viatu visiteleze, kwa hiyo picha haina pa kukaa ila tumboni, upande unaotazama lami. Watu wataiona ukiwa umeubeba ubao kwapani, ukiwa umeuegemeza ukutani unakunywa soda, au ukiwa umeurusha ukageuka hewani. Na ukianza kuserereka nao kwenye kingo za saruji, picha hiyo hiyo inakwanguka. Inaonekana kwa sekunde, halafu inachubuka: maamuzi karibu yote ya chini hapa yanatoka kwenye mambo hayo mawili.

Nimemwandikia mtu aliye Mwanza, au Musoma, au Bukoba, mwenye ubao mmoja ambao picha yake ya dukani imeshafutika, na pesa ya makopo mawili matatu ya rangi. Studio si lazima. Kibaraza chenye kivuli kinatosha, na jirani asiyegombana na harufu ya thina.

Pima ubao kabla ya kushika penseli

Ubao wa kawaida wa siku hizi ni tabaka saba nyembamba za mbao ngumu ya mepo, zimegundishwa na kukandamizwa pamoja. Upana wake ni karibu sentimita 20, urefu kama 80. Traki, yaani vile vyuma vinavyoshika magurudumu, vinafungwa kwa bolti nne kila upande, na katikati ya bolti za ndani za mbele na za nyuma kuna kama sentimita 36. Pua, yaani ncha ya mbele, ina kama sentimita 18; mkia, ncha ya nyuma, unapungua kidogo. Pima wa kwako, kwa sababu hazifanani.

Sasa fungua traki, ulaze ubao juu ya karatasi ya manila, uzungushie penseli. Weka alama za matundu yote nane, halafu chora pale kitako cha kila traki kinapokaa. Sehemu hizo mbili zitafichwa na chuma, kwa hiyo usiweke jicho, uso wala herufi hapo. Wengi wanaoanza huchora simba mzuri, wakifunga traki simba anabaki na masikio tu.

Jua pia panapochubuka. Katikati, baina ya traki, panaliwa unaposerereka kwenye bomba au ukingo ubao ukiwa umekaa mkingamo. Pua na mkia navyo vinaliwa kwa namna yake. Panapodumu ni vile vipande vidogo pembeni mwa kitako cha traki, chini ya mhimili wa magurudumu, maana chuma kinapakinga. Saini yako iweke hapo.

Waliotangulia walifanya nini

Miaka ya 1970, kusini mwa California, Wes Humpston alikuwa akichora kwa mkono kwenye mbao alizotengeneza mwenyewe, na mwaka 1976 yeye na Jim Muir wakaanzisha Dogtown, yenye nembo ya msalaba. Miaka ya 1980 mbao zilikuwa pana, nyingine karibu inchi 10, na hapo uchoraji ukapata uwanja. Vernon Courtlandt Johnson alichorea kampuni ya Powell Peralta yale mafuvu yanayojulikana mpaka leo. Jim Phillips, kwa Santa Cruz, akachora mwaka 1985 mkono wa buluu uliokatika, wenye mdomo unaopiga kelele katikati ya kiganja.

Tazama kazi za kipindi kile utaona kitu kimoja: mistari mizito myeusi, rangi bapa ndani yake, vivuli vichache. Walikuwa wanachapa kwa skrini, yaani kitambaa cha wavu kinachopitisha rangi, na kila rangi ilidai skrini yake, kwa hiyo kila rangi ilikuwa gharama na kazi. Mchoraji alijibana, na picha ikasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kuna waliofunga hata vijiti vya plastiki chini ya ubao, viteleze vizuri na kuikinga picha isikwanguke.

Miaka ya 1990 umbo likabadilika. Mbao zikawa nyembamba, pua na mkia vikaanza kufanana, na Marc McKee wa World Industries akaleta katuni na mzaha wa kuchokoza nembo za makampuni makubwa. Wakati huo huo waserereshaji wenyewe kama Mark Gonzales na Ed Templeton walikuwa wanachora mbao zao, mistari imepinda kama ya mtoto, na ikapendwa. Baadaye ikaja njia ya kuhamisha picha kwa joto: picha inachapwa kwenye filamu ya plastiki, inakandamizwa kwenye ubao kwa rola ya mpira yenye moto. Siku hizi unaweza kubandika hata picha ya kamera, rangi elfu. Kwa maoni yangu ndiyo sababu mbao nyingi za madukani ni nzuri ukizishika mkononi, ila ukisogea hatua tano huoni kitu.

Hapa kwetu kuna somo linalofanana kabisa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli. Mnyama mmoja mkubwa, nyuma yake rangi tupu, mng'ao. Alikuwa na ubao na kopo, kama wewe.

Tafuta picha nje ya simu

Hapa chukua muda. Rahisi ni kufungua simu, kupakua fuvu lenye moto na kulinakili. Mafuvu yale yalikuwa na kwao. Wewe una Mwaloni.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi mitumbwi ikiwa imepandishwa, uangalie ubavu wa mbele. Jina limeandikwa kwa herufi nene zenye kivuli upande mmoja, chini yake namba ya usajili, halafu mkanda wa rangi unaofuata ubao wa juu mpaka nyuma. Sogea karibu uone brashi ilivyopita juu ya maungio ya mbao: fundi hakuyakwepa, ameruhusu mstari upande na kushuka nayo. Angalia na rangi zenyewe. Nyekundu kamili, njano kamili, buluu kamili, nyeupe. Mwanga wa saa saba mchana juu ya maji hauachi rangi hafifu ionekane, na mafundi wa mitumbwi wanajua. Lami ya juani ni hivyo hivyo.

Usipige picha kimyakimya. "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha maandishi ya mtumbwi wako, najifunza kuchora" inatosha, na mara nyingi utaambiwa hata nani aliyeyaandika. Mtafute huyo. Nusu saa ukimtazama fundi wa mabango akivuta mstari, mkono umeegemea kijiti ili usitetemeke, inazidi video nyingi.

Halafu panda kwenye mawe. Capri Point, Bugando, popote jiwe lilipochomoza, jua likishapata moto utamkuta mjusi kafiri wa hapa. Dume ana kichwa, shingo na mabega mekundu yanayoelekea waridi, kisha kuanzia mgongoni anageuka buluu, miguu na mkia pia. Anasimama, anapiga pushapu mbili tatu kumtisha mwenzake, anatulia. Kisayansi anaitwa Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923, kwa hiyo mji wetu umo ndani ya jina lake. Kwa ubao wa skeitibodi umbo lake limekaa pazuri ajabu. Kichwa kinajaa kwenye pua. Mabega, pale nyekundu inapokutana na buluu, yanaangukia chini ya traki ya mbele, na hayo ndiyo makutano magumu kuchora, sasa yamefichwa. Kiwiliwili kinachukua uwazi wa kati, mkia unamalizikia mkiani.

Vitu vingine vya kufikiria: kongoti wanaozunguka kwenye mabaki ya samaki, wamesimama kama wazee kwenye msiba, sangara mdomo wazi, karabai za wavuvi wa dagaa usiku, Jiwe la Bismarck, ingawa limeshachorwa kwenye kila fulana ya jiji hili na mimi ningelipumzisha, vizuia tope vya bodaboda.

Na kanga. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Mpangilio huo unahamia kwenye ubao bila shida. Pindo linafuata ukingo, mji unakaa baina ya traki, jina linapita kwa urefu. Pindo litachubuka kwanza, lakini kwa kuwa ni umbo linalojirudia, jicho linajaza lenyewe palipopotea.

Pana vitu vya kuomba kwanza. Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, utaona mambo ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, ngoma za watemi, wachezaji wa chatu. Alama hizo zina wenyewe. Uliza maana yake na uulize kama inafaa ziwekwe kwenye kitu cha kukanyagwa. Kuna na visivyochorwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na familia nyingi za mwambao huu bado zina mtu wao humo. Meli ichore, ila si ile.

Kutoka wazo hadi mchoro wa mwisho

Kwenye karatasi ya kawaida chora vibao vidogo kumi au zaidi, kila kimoja urefu wa kidole, na ujaribu mpangilio tofauti kwa haraka. Wima au mlalo? Picha ya wima inasimama vizuri ubao ukiegemezwa ukutani. Ya mlalo inafaa maandishi na picha za mbio. Chagua mmoja, uuchore kwa ukubwa kamili kwenye ile manila yenye alama za bolti.

Jibane kwenye rangi tatu na nyeusi ya kuzungushia. Mstari wa nje usipungue milimita 3. Maneno yawe machache, na herufi zisiwe chini ya sentimita 4 kwa kimo. Daladala zimeshatufundisha kwamba maneno matatu yanasomeka gari likiwa linapita, kumi hayasomeki. Ukimaliza, bandika karatasi ukutani urudi nyuma hatua kumi na tano. Muite mtu ambaye hajauona mchoro, mwonyeshe kidogo, ufunike, umuulize ameona nini. Akisema "sijui, kama mmea hivi" na wewe umechora sangara, rudi mezani.

Kumbuka kwamba upande wa chini wa ubao umebinuka: katikati pamejitokeza, kingo zinakimbilia juu. Mstari ulionyooka kwenye karatasi utaonekana umepinda ukingoni. Vitu vya maana viwe ndani ya sentimita 7 kila upande wa mstari wa kati.

Kuandaa ubao

Ondoa stika zote na gundi yake kwa thina kidogo kwenye kitambaa. Piga msasa namba 120 kufuata urefu wa mbao mpaka mng'ao wa zamani upotee, kisha namba 240 kulainisha. Usichimbe. Tabaka la nje ni jembamba sana, na kila unapolipunguza unaupunguzia ubao nguvu. Mikwaruzo mirefu ya zamani iache, itakula rangi na kupendeza. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, subiri ukauke kabisa.

Paka undakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, mkono mmoja (tabaka moja) mwembamba. Hapa nina ushauri ambao watu hawautumii vya kutosha: undakoti iwe na rangi unayoitaka. Picha ikianza kukwanguka, kitakachojitokeza kwanza ni hiyo rangi ya chini. Ukipaka njano kali chini ya ziwa la buluu, kila mchubuko utatoka kama mwanga juu ya maji. Nyekundu chini ya sangara mweupe, hilo sina haja ya kulieleza.

Kupaka

Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia milango na mageti, ndiyo inayofaa. Rangi ya maji ya ukutani itabanduka wiki ya kwanza. Nunua makopo ya robo lita. Ubao mmoja hauli rangi nyingi. Brashi: moja bapa ya inchi moja, na mbili nyembamba za fundi wa mabango. Ukipata brashi ya nywele ndefu kwa ajili ya mistari, shukuru.

Fanyia kazi asubuhi. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na unaleta vumbi lote la barabarani. Usiku una janga lake: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa, hasa siku zinazofuata mwezi mwandamo. Ukiacha ubao mbichi chini ya balbu siku hizo, asubuhi utaukuta una manyoya. Wakati wa masika na vuli rangi inachelewa kukauka, ongeza siku.

Hamisha mchoro hivi: paka chaki nyuma ya manila, ulaze karatasi juu ya ubao ukilinganisha matundu ya bolti na alama zako, ubandike kwa tepu ya karatasi, kisha pitisha kalamu butu juu ya mistari. Ukiinua, mistari ya chaki ipo. Kama undakoti ni ya rangi nyepesi, tumia penseli laini badala ya chaki.

Anza na rangi za nyuma, kisha maumbo makubwa, kisha madogo. Mistari myeusi mwisho. Kila rangi ipumzike saa ishirini na nne kabla ya nyingine kuigusa, na mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, kwa sababu rangi nzito inabaki laini ndani na ukiserereka inang'ang'ania saruji. Kwa mistari, punguza rangi kwa thina kidogo mpaka ishuke kutoka kwenye brashi bila kuchuruzika. Egemeza kifundo cha mkono juu ya kijiti, vuta kwa bega badala ya vidole, na ukianza mstari usisimame njiani.

Ya kulinda: vanishi ya mafuta, mkono mmoja mwembamba, baada ya siku tatu nne. Usipulizie klia ya magari juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Thina yake ni kali, itainyanyua rangi ya chini na kuikunjamanisha kama ngozi ya maziwa. Kisha uache ubao wiki nzima kabla ya kuupanda. Utasikia umekauka siku ya pili, lakini ukibonyeza ukucha utaona alama.

Thina na sprei zifanyie nje, vaa barakoa, na usizitumie karibu na jiko la mkaa.

Ukitaka mbao nyingi zinazofanana

Stensili, yaani karatasi au plastiki iliyotobolewa umbo la mchoro, ndiyo njia. Plastiki ngumu kama filamu ya zamani ya eksirei inakatika vizuri kwa wembe na unaitumia tena na tena. Herufi kama O, A na R zinahitaji vidaraja vya kushika kitovu chake kisidondoke. Usivione vidaraja hivyo kuwa aibu, ndivyo vinavyoipa stensili sura yake. Pulizia kwa umbali wa sentimita 25 hivi, mipulizo mifupi, ukianza nje ya stensili na kumalizia nje. Ukisimama sehemu moja rangi itapenya chini.

Kuchapa kwa skrini kwenye ubao uliopinda kunawezekana, ila fremu lazima ikubali kupinda na ubao. Mafundi wetu wa fulana wamezoea meza bapa, kwa hiyo nao anza na stika: mashine zinazokata vinili za bajaji na bodaboda zinaweza kukata mchoro wako kwa dakika chache ukiwapa mistari iliyo safi. Stika zinabadilishana mikono, na ndizo zinazokutangulia kufika Nairobi, au Kampala kule Kitintale, ng'ambo ya ziwa, ambako vijana wana uwanja wao wa skeitibodi.

Mchoro wa mtu usiuchape ukauza, na nembo za Simba, Yanga au kampuni za bia zina wenyewe. Wa kwako unaweza kuusajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Upande wa juu, na picha ya kumbukumbu

Msasa wa juu nao unachorwa, kwa kuukata. Pitisha wembe mpya, toa ukanda mwembamba mkingamo karibu na bolti za mbele, rangi ya mbao ionekane. Huo pia unakusaidia kujua pua iko wapi bila kuinama.

Kabla hujaupanda, piga ubao picha kivulini, simu ikiwa sambamba nao. Halafu mwambie mwenzako achuchumae, simu iwe karibu na ardhi, apige mfululizo wakati unaurusha. Kwenye mfululizo huo tafuta fremu ambayo tumbo la ubao limeelekea kamera, ujue kama picha yako inasomeka ikiwa hewani. Kama haisomeki, ubao ujao ongeza unene wa mistari.

Piga tena kila baada ya wiki mbili, kwa kimo kile kile na mwanga ule ule. Ukiziweka picha hizo mfululizo utaona mwenyewe mahali ubao wako unapoliwa zaidi, na hiyo ni ramani ya mchoro unaofuata.

Ubao ukipasuka kwenye bolti usiupande tena. Fungua traki, uziweke kwa ubao mpya. Ule wa zamani ukitaka kuutundika usiutoboe: pitisha kamba kwenye matundu mawili ya bolti za mbele, funga fundo kwa upande wenye msasa, na uuweke mbali na dirisha la magharibi, kwa sababu jua la jioni linapausha nyekundu kabla ya rangi nyingine zote.